Ng'ombe Aliyepikwa Akapona

Hapo zamani za kale, siku zile ng'ombe walikuwa wanajenga nyumba na kupangisha vyumba vya uani, alikuwepo ng'ombe mmoja wa maziwa, jina lake Mabaka. Nyumba yake ilikuwa mlimani, bati juu, baraza mbele. Chumba cha uani alikaa Pimbi.

Pimbi mnamjua, wanangu. Yule mnyama mdogo wa kwenye mawe, mnene kama mkate, mkia hana. Kazi yake ilikuwa kufagia baraza na kumkamua Mabaka kila asubuhi. Kikombe cha kwanza cha maziwa kilikuwa chake, anatia kwenye chai.

Sasa ng'ombe wa mlima ule walikuwa na desturi. Asubuhi wanakula majani haraka haraka, wanameza tu. Jua likipanda wanakaa barazani kwa Mabaka, wanayarudisha mdomoni yale majani, wanayatafuna upya taratibu, nyam nyam nyam, huku wanapiga soga. Ndiyo kucheua huko. Kwao ng'ombe asiyecheua ni kama mtu anayepita watu bila salamu. Watamsema mpaka kesho.

Bondeni alikaa Fisi, na Fisi alikuwa na shida. Mkewe alikuwa amerudi kwao. Jumatatu, mama mkwe akatuma maneno: "Nakuja Ijumaa. Nitakula kwako. Nikila vizuri, mwanangu anarudi. Nikila vibaya, tusijuane."

Fisi akaangalia jikoni. Kulikuwa na kwato moja ya mbuzi, nayo ya mwaka jana.

Akatazama mlimani, akamwona Mabaka barazani, mnene, anameremeta. Akameza mate, glu. Lakini Mabaka alikuwa na pembe mbili, na kila moja ilishawahi kumchoma Fisi. Ng'ombe yule haendewi akiwa amesimama. Lazima kwanza alale.

Jumanne Fisi akapanda mlima na gunia mgongoni.

"Hodi hapa."

"Karibu," akasema Mabaka, "lakini simama hapo hapo kwenye ngazi."

"Jirani, mbona unanisimamisha kama mwizi?"

"Kwa sababu wewe ni mwizi."

"Nilikuwa. Nimeacha. Nimekuletea zawadi." Akatua gunia, pu. Lilikuwa limejaa mahindi ya kuparaza, yaliyosagwa nusu nusu, yananukia utamu. Halafu Fisi akamkodolea macho Mabaka mdomoni. "Samahani, dada. Unafanya nini hapo?"

"Nacheua."

"Unakula nini?"

"Majani ya asubuhi."

"Si uliyala asubuhi?"

"Nayala tena."

Fisi akatikisa kichwa kwa huruma. "Dada Mabaka, mimi ni Fisi. Nimekula ngozi, nimekula mifupa, nimewahi kula kiatu na kamba zake. Lakini kitu kimoja kukila mara mbili, sijafikia hapo. Hali imekuwa mbaya hivi mlimani?"

Mabaka akaacha kutafuna.

"Ng'ombe wa mjini hawacheui," Fisi akaendelea. "Wanakula mahindi. Wanakula mara moja, basi, mdomo unapumzika. Na wanatoa ndoo nne za maziwa. Nne. Ila usinisikilize mimi, mimi ni mtu wa kwato."

Pembeni alikuwa amekaa Shangazi Nundu, ng'ombe mzee kuliko wote pale mlimani. Akasema, "Mabaka mwanangu, nafaka ni tamu, lakini tumbo lako halijaizoea. Kiganja leo, kiganja kesho. Na majani usiyaache."

"Shangazi, wewe ni wa zamani."

"Ndiyo, wa zamani, na bado nipo."

 Mabaka aibu ilikuwa imemshika. Kula kitu mara mbili, tena mbele za watu. Akaburuta gunia ndani, akafunga mlango, akaanza. Gwu gwu gwu gwu. Akala lote. Akanywa na maji, hori zima. Halafu akalala juu ya gunia tupu, anatabasamu, anangoja ndoo nne.

Jumatano asubuhi Pimbi akaingia na ndoo yake. Akakuta maziwa hakuna. Mabaka alikuwa amelala chini, macho yameingia ndani, anasaga meno, kri kri kri. Upande wake wa kushoto ulikuwa umevimba kama ngoma. Pimbi akausukuma kwa mikono miwili. Chubwi, chubwi. Kama debe la maji lililojaa nusu. Pumzi yake ilinuka uji uliochacha. Na nyuma yake, wanangu, ya nyuma sitayasema. Nitasema tu kwamba siku hiyo Pimbi alifagia mara tatu.

"Mama mwenye nyumba, umecheua leo?"

"Sijacheua," akasema Mabaka kwa sauti ya chini. "Tumbo limenyamaza, Pimbi. Limekuwa kama nyumba waliyohama watu."

Pimbi akavuta gunia kutoka chini yake. Lilikuwa na maandishi. Pimbi alikuwa amejua kusoma mwaka ule ule, ukubwani, kwa mwalimu Kobe, na maandishi yoyote akiyaona hayaachi. Akaweka kidole juu ya herufi ya kwanza.

"U-si-m-pe. Usimpe. Ng'o-mbe. Usimpe ng'ombe."

"Usimpe nini?"

"Subiri, mama, sijafika."

Akasoma mpaka chai yake ikapoa jikoni. Ilikuwa imeandikwa hivi: Usimpe ng'ombe nafaka nyingi kwa ghafla. Mzoeshe kidogo kidogo. Akila nyingi kwa mara moja, tumbo litachacha na kujaa tindikali, ule ukali kama wa ndimu. Ataacha kucheua, na anaweza kufa siku ya pili au ya tatu. Anyweshwe magadi yaliyokorogwa kwenye maji. Apewe majani aliyocheua ng'ombe mzima, na nyasi kavu.

"Yote hayo yameandikwa hapo?" akauliza Mabaka.

"Yote."

"Kwenye gunia lenyewe?"

"Ndiyo."

"Na mimi nimelilalia," akasema Mabaka, akalia kidogo.

Sasa shida ikaja. Magadi yalikuwa ziwani, mbali, nusu siku kwa mtu mwenye mbio. Pimbi miguu yake mnaijua, kila mmoja ni mfupi kama kidole gumba. Kwenda na kurudi kungemchukua wiki. Shangazi Nundu magoti yalikuwa yanamuuma. Na Mabaka alikuwa amebakiwa na siku moja tu, labda mbili.

Wakiwa wanafikiri, wakasikia nje, kwaru, kwaru, kwaru. Pimbi akachungulia. Fisi alikuwa amekaa kwenye ngazi, ana sufuria kubwa, ananoa kisu kwenye jiwe.

"Hodi," akasema Fisi. "Nimekuja kumjulia hali mgonjwa."

"Nani kakwambia kuna mgonjwa?"

"Nimehisi tu."

"Na kisu?"

"Cha kumenyea chungwa."

"Na sufuria?"

"La kuwekea maganda."

Pimbi akamtazama. Akalitazama sufuria. Akaitazama miguu ya Fisi, mirefu, yenye misuli, inayoweza kukimbia kutwa nzima. Halafu akashusha pumzi ndefu, kama mpishi aliyeunguza wali wa harusi.

"Kaka Fisi, tusifichane. Umekuja kula. Na mimi simzuii mtu chakula chake. Ila nakuonea huruma. Nyama hii imeharibika."

"Mimi? Mimi nakula hata iliyooza."

"Wewe unakula. Unamlisha nani mwingine?"

Fisi akakwaruza jiwe taratibu. "Mama mkwe," akasema.

"Mama mkwe," akasema Pimbi. "Hebu njoo unuse."

Akampeleka mpaka kwenye mdomo wa Mabaka. Mabaka akapumua, puuuh. Fisi, aliyekula kiatu na kamba zake, akarudi nyuma hatua nne.

"Ni nini hiyo?"

"Ukali. Amekula mahindi mengi, yamechachia ndani. Ukali unatoka tumboni, unaingia kwenye damu, unaingia kwenye maini. Mama mkwe wako akila ini hili atakunja uso mpaka Jumapili."

"Basi nimchinje sasa hivi, kabla haujafika kwenye maini."

Mabaka akafumba macho. Pimbi uso wake haukusogea.

"Chinja," akasema. "Ukali utabaki hapo hapo ulipofika. Kaka Fisi, kunde ngumu nyumbani kwenu mlikuwa mnazilainisha na nini?"

"Na magadi."

"Unatia magadi kabla ya kupika, au ukishapakua kwenye sahani?"

"Kabla. Nani anatia kwenye sahani?"

"Sasa huyu ng'ombe ana matumbo manne. Tumbo hilo la kwanza peke yake linameza mapipa. Hicho ni chungu, kaka. Chungu kimejaa, moto umo humo humo ndani, na wewe unataka kukivunja kabla hujatia magadi."

Fisi akamtazama Mabaka kwa macho mapya. Ni kweli alikuwa na umbo la chungu.

"Anapikwa akiwa hai?"

"Kwa wakwe, ndiyo. Damu ndiyo inayotembeza viungo. Akifa, nani atavitembeza, wewe?"

"Magadi yako wapi?"

"Ziwani."

Fisi akaacha kisu, akaacha na sufuria, akatimka. Tiri tiri tiri tiri. Vumbi likabaki limesimama njiani.

"Pimbi," akasema Mabaka, "umeniita chungu."

"Vumilia, mama. Jioni nitakuita mchuzi."

Jua likiwa linashuka, Fisi akarudi, ulimi umemfika kifuani, begani ana furushi la magadi. Pimbi akayakoroga kwenye ndoo ya maji, wakajaza chupa. Fisi akainua kichwa cha Mabaka kwa upole mkubwa, kwa sababu hakutaka hata tone limwagike. Glu, glu, glu.

"Taratibu," akasema Pimbi, "asipaliwe. Akipaliwa mapafu yanaharibika."

"Mama mkwe anapenda mapafu," akasema Fisi, akapunguza kumimina.

"Sasa koroga."

"Nikoroge na nini? Mwiko hauingii."

"Na bega. Mkande hapo ubavuni kushoto, kwa kwenda juu. Umewahi kusonga ugali wa watu hamsini?"

Fisi akapiga magoti, akaweka bega ubavuni mwa Mabaka, akaanza kusonga. Chubwi, chubwi, chubwi. Jasho likamtoka. Ghafla tumboni kukanguruma, Mabaka akafungua mdomo, ikatoka mbweu, BWAAAA. Bati likatikisika. Manyoya ya Fisi usoni yakalala yote kuelekea nyuma.

"Chungu kimechemka," akasema Pimbi.

"Nimesikia," akasema Fisi. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini aliendelea kusonga.

Alhamisi asubuhi Mabaka alikuwa bado amelala, ila kri kri ya meno ilikuwa imeisha. Pimbi akanusa pumzi yake. Ukali ulikuwa umepungua, lakini tumbo lilikuwa bado kimya.

"Chumvi imekolea," akamwambia Fisi. "Inakosekana ladha ya ukoo. Nenda kwa Shangazi Nundu umwombe tonge moja la anachocheua."

"Lile la mdomoni mwake?"

"Lilelile. Na la moto, usilipoze."

Fisi akaenda kwa Shangazi Nundu, akasimama mlangoni, mikono nyuma.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Ulimla kaka yangu mwaka wa njaa."

"Ndiyo, shangazi. Naomba unachotafuna."

Shangazi Nundu alikuwa ameshaambiwa na Pimbi. Lakini hakukosa la kusema. "Wewe ndiye uliyesema kula kitu mara mbili ni umaskini. Leo umekuja kukiomba mdomoni mwa mwingine. Fungua kinywa."

"Hakuna bakuli?"

"Bakuli litakipoza."

Wanangu, mlima mzima ulimwona Fisi siku ile. Alipita njia kuu, mashavu yamemvimba, ute wa kijani unamchuruzika kidevuni, hawezi kumeza wala kutema. Mbuzi wakamsalimia makusudi. "Habari za asubuhi, Bwana Fisi?" Akajibu, "Mmmh." "Mama mkwe hajambo?" "Mmmh." Tena alienda mara tatu, kwa sababu Pimbi alionja kwa macho akasema ladha bado.

Mabaka akameza matonge yote matatu. Wakangoja. Fisi akaweka sikio ubavuni, kama mtu anayesikiliza ukuta wa jirani.

Kimya.

Halafu kwa mbali, ndani kabisa, gu-ru-ru.

"Limeongea," akanong'ona Fisi, macho yamemtoka kwa furaha. "Pimbi, limeongea."

"Sasa nyasi kavu. Kuku wa wakwe si hujazwa wali ndani? Ng'ombe hujazwa nyasi kavu."

Fisi akakata nyasi kavu, akabeba, akamlisha Mabaka kwa mkono, moja moja. Alipokataa akambembeleza. "Kula, dada. Kidogo tu. Haka kamoja, kwa ajili yangu." Mchana Pimbi akasema nyama iliyolala upande mmoja inakuwa ngumu upande ule. Fisi akamsimamisha Mabaka kwa kumsukuma na kichwa, akamtembeza uani, pole pole, anamwondolea mawe njiani asijikwae. Mabaka kwato zilikuwa zinamuuma. Fisi akaziloweka kwenye maji baridi, kwa sababu mama mkwe alikuwa mpenzi wa supu ya kwato.

"Samahani, jirani," Mabaka akamwambia, "hapo kati ya vidole bado panawasha."

"Hapa?"

"Juu kidogo."

Fisi akakuna juu kidogo.

Ijumaa adhuhuri, mama mkwe akafika bondeni kwa Fisi. Amejifunga kanga mbili, na hakuwa amekula tangu Jumatano, makusudi.

"Shikamoo, mama," akasema Fisi.

"Marahaba. Mbona sisikii harufu ya nyama?"

"Hii haichomwi, mama. Inapikwa kutokea ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya yenyewe. Karibu uone."

Akampandisha mlimani mpaka barazani, kifua mbele. Mabaka alikuwa amesimama, manyoya yanang'aa, ubavu umenywea, macho maangavu. Alikuwa anacheua, nyam nyam nyam, na Shangazi Nundu pembeni yake anapiga soga. Pimbi alikuwa juu ya bati, ana kikombe cha chai ya maziwa.

"Nyama iko wapi?" akauliza mama mkwe.

"Ndiyo hiyo."

"Mbona inatafuna?"

"Inajikoleza."

Mama mkwe akamzunguka Mabaka. Akamtazama kwato, akamtazama mkia, akanusa pumzi yake. Akarudi mbele ya Fisi.

"Huyu alikuwa anaumwa."

"Sana, mama. Alikuwa amechacha."

"Ukampa dawa."

"Magadi. Niliyafuata ziwani kwa mbio."

"Ukamlisha."

"Kwa mkono wangu huu."

"Ukamkanda tumbo, ukamtembeza, ukamkuna miguu."

"Katikati ya vidole, mama," akasema Fisi, amejaa fahari. "Juu kidogo."

Mama mkwe akakaa kwenye ngazi.

"Mwanangu alipoumwa homa nyumbani kwako," akasema, "ulimpa nini?"

Fisi akaangalia kwato za Mabaka.

"Siku tano aliumwa. Nani alimpa hata maji?"

Pale barazani hakuna aliyecheua. Hata Pimbi alishusha kikombe.

"Kwa hiyo unajua kuuguza," akasema mama mkwe. "Mimi nilidhani hujui. Kumbe ulikuwa hutaki." Akainuka, akajifunga kanga upya, kibwebwe kigumu. "Nitakula njiani. Na huyo mwanangu msahau." Akashuka mlima, hakugeuka.

Fisi akabaki anaangalia njia. Halafu akayakumbuka yote, magadi, bega, matonge matatu, nyasi moja moja. Akamtazama Pimbi juu ya bati.

"Wewe kidude. Yule hakuwa chungu."

"Hakuwa, kaka Fisi. Alikuwa mgonjwa tu. Asante kwa kumwuguza."

Fisi akageuka, akashika kisu alichokiacha pale Jumatano, akamrukia Mabaka. Lakini alimrukia ng'ombe aliyelishwa, aliyekandwa, aliyetembezwa, aliyekunwa kwato mpaka zikawa nyepesi. Mabaka hakuacha hata kutafuna. Akainua mguu mmoja wa nyuma, ule ule uliolowekwa. PAA. Fisi akapita juu ya ukuta wa baraza, sufuria likamfuata, kon-go-lo, kon-go-lo, mpaka bondeni.

"Jirani," Mabaka akampigia kelele, "umesahau kisu chako cha machungwa."

Tamaa ikikupofusha, wanangu, utamwuguza yule uliyekuja kumla, na aliye wako utakuwa umemwacha bila maji.